Mshenga Aliyefika wa Mwisho

Hodi ya mmoja mmoja, jawabu lake soda.

Subira aliwatupia vijana wenzake maneno hayo kwenye kikao chao cha kuunganisha vyama, wakacheka, kisha wakagundua hawajui walichokicheka. Siku iliyofuata tukakutana kwenye mashine ya kusaga, umeme ukakatika, na wote tukabaki tunayatazama mahindi yetu. Wakaona mzee nipo, sina pa kwenda, wakanizunguka wakitaka kujua msemo huo ulitoka wapi. Niliwaambia wakae kwenye magunia yao wenyewe, si yangu, kisha nikawasimulia hivi.

Msemo huu hamhitaji kuufuata mbali. Ulizaliwa hapa hapa Itundwe, na mimi nilikuwepo ulipozaliwa, ingawa nilifika nimechelewa.

Itundwe mnayoijua nyinyi, mbuzi wamelala katikati ya barabara na hakuna wa kuwapigia honi, siyo ile ya wakati huo. Stendi ilikuwa katikati ya mji, pale penye uwanja wa nyasi. Mabasi ya Mbeya na ya Songea yalisimama pale, abiria wakashuka wanatetemeka kwa baridi ya kwetu. Aliyetetemeka alinunua sweta dukani. Mwenye njaa alinunua viazi vya kuchemsha na njegere, na mwenye begi lililopasuka alikwenda kwa fundi cherehani. Basi likivunjika springi, mafundi wa kuchomelea walikuwa hatua chache tu. Mji mzima ulikula kwa mdomo wa stendi ile.

Kulikuwa na vyama vitatu. Wenye maduka walikuwa na chao, na mwenyekiti wao alikuwa Mzee Kyando, mtu wa kofia na maneno machache. Mafundi waliongozwa na Fundi Lutengano, ambaye alizungumza kwa sauti kubwa hata akiwa mbali na mashine zake. Akina mama wa sokoni waliongozwa na Mama Tumpe. Huyo ni bibi yake Subira.

Msidhani vyama hivyo vilipendana. Soko lilikuwa la wazi, na kwetu mvua haibishi hodi. Ikinyesha, akina mama walibeba mabeseni yao wakakimbilia kwenye vibaraza vya maduka, na wenye maduka wakasema wanazibiwa milango. Walikuwapo waliomwaga maji vibarazani makusudi ili pasikalike. Mafundi nao walilaumiwa na wote kwa kelele na moshi, na wao wakawacheka wote. Hata hivyo tuliishi, kwa sababu mabasi yalikuwa yanakuja.

Mama Tumpe alikuwa mjane. Alikuwa na binti mmoja aliyebaki nyumbani, Ikupa. Mnamjua. Ni huyo huyo Ikupa wa viazi pale Makutano, mama yake Subira. Nyinyi mnamwona anakimbilia madirisha ya mabasi na beseni kichwani, mnadhani alizaliwa nalo. Ikupa alikuwa wa kwanza darasani kwao sekondari, akitaka kuwa muuguzi, na walimu walikuwa wakimwambia mama yake kwamba huyu atafika. Kila kiazi Mama Tumpe alichouza kwa abiria kilikwenda shuleni kwa Ikupa. Aliwahi kuniambia, “Shemeji, stendi hii ndiyo mume wangu.” Alicheka aliposema hivyo, lakini nilijua hatanii.

Kisha ikaja habari ya lami.

Tuliishangilia lami kabla hatujaisoma ramani yake. Barabara mpya ingepita juu kule Makutano, ambako wakati huo palikuwa na miti ya mikaratusi na upepo, na halmashauri ilikuwa inafikiria kuihamishia stendi huko. Jambo hilo lilikuwa halijaamuliwa. Baraza la madiwani lingekaa Ijumaa kulipitisha au kulikataa. Diwani wetu alikuwa mmoja, na peke yake asingeweza kitu. Mtu mzito alikuwa mwenyekiti wa halmashauri, Bwana Ngailo. Alipoinamia yeye, ndipo madiwani wengi walipoinamia.

Lakini na sisi tulikuwa na uzito wetu. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi, na Bwana Ngailo alikuwa anagombea tena. Kura za Itundwe zilikuwa nyingi kuliko za kata nyingine yoyote kule kwetu. Wenye maduka peke yao walikuwa wachache, mafundi wachache, akina mama nao wangeweza kupuuzwa. Wakiwekwa pamoja, na waume zao na wake zao na watoto wao waliokwisha kukua, hapakuwa na mgombea ambaye angelala usingizi akijua amewaudhi.

Vyama vitatu vikakutana katika darasa la shule ya msingi. Wazee wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Kila mtu alikubali kwamba stendi isihame. Hilo halikuchukua muda. Kilichochukua mchana kutwa ni nani atakayesema mbele ya Bwana Ngailo.

Mzee Kyando alisema wenye maduka ndio walipa leseni, kwa hiyo asemaye ni mwenye duka. Fundi Lutengano akasema mwenye duka hata msumari hajui kupigilia. Akina mama wakauliza kama wao wamekuja kufagia darasa. Ikawa hivyo, maneno yanapanda na kushuka, hadi Mama Tumpe aliposimama.

“Jamani, tunapokwenda kuposa, bwana harusi husema?” aliuliza.

Wakamwambia hapana, husema mshenga.

“Baba yake husema?”

“Hapana.”

“Kwa nini?”

Akajijibu mwenyewe. “Kwa sababu mwenye shida akisema, atasema shida yake. Tumtafute mshenga. Asiwe na duka, asiwe na cherehani, asiwe na beseni.”

Ndipo macho yote yakanigeukia mimi. Enzi hizo nusu ya ndoa za mji huu zilipita mdomoni mwangu. Nilikuwa nimekataliwa mara mbili tu, na mara zote mbili bwana harusi alikuwa mlevi. Nikasimama, nikawaambia nakubali, lakini mshenga ana masharti yake na wanayajua.

Nyinyi hamyajui, maana siku hizi mnaposa kwa simu. Kwetu msafara wa posa huenda pamoja, mguu mmoja. Kwenye uwanja wa watu, wote hunyamaza, hodi hupigwa na mshenga peke yake, na neno huwa moja. Na sharti kubwa kuliko yote ni hili: hakuna anayekula wala kunywa kwenye nyumba ile kabla neno halijajibiwa. Uletewe maziwa, uletewe pombe, uletewe maji ya kisima na koo limekukauka, unashukuru na kukiacha palepale. Ukishakunywa cha watu, umekubali watakachokuambia. Hutaweza tena kukunja uso.

“Na tukikaribishwa?” Mzee Kyando aliuliza.

“Tutashukuru, tutarudi na kiu yetu,” nilimjibu.

Wakacheka. Siku ile tulicheka wote, wenye maduka na akina mama kwenye dawati moja. Ningependa hadithi iishie hapo. Tukakubaliana kwenda Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya baraza, vyama vyote vitatu na kila mwanachama atakayeweza kutembea.

Jumatatu, Mzee Kyando akaenda peke yake.

Sikusimuliwa na adui zake. Alinisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye, na alilia. Anasema hakwenda kwa ubaya. Alikaa akafikiri kwamba tukienda pamoja na akina mama, tukatoka kama ndugu, basi vibaraza vya maduka vimekwisha kuwa vyao milele. Akaona heri awahi kulisema hilo dogo la vibaraza pembeni, kisha Alhamisi aje na wenzake kwa lile kubwa. Bwana Ngailo alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Alimketisha, akaifungua soda kwa mkono wake mwenyewe, akamwekea mbele. Enzi hizo soda haikuwa kitu cha kupewa kila mtu. Ilikuwa ya harusi na ya wageni wa heshima. Kyando akanywa. Akaomba la vibaraza, akakubaliwa papo hapo.

“Na stendi?” nilimuuliza.

“Nilitaka kuitaja,” alisema. “Lakini mtu ameshanipa nilichoomba, na soda yake iko tumboni. Nikaona nikimwongezea la pili nitaonekana sina shukrani. Tena la stendi lilikuwa la wote. Nikajua wewe utalisema.”

Jumanne asubuhi mgambo wakaja kuwaondoa akina mama vibarazani. Mafundi wakaona, na si wajinga, wakajua Kyando amekwenda wilayani kwa Bwana Ngailo. Fundi Lutengano akasema kwa ile sauti yake kwamba kama kila mtu anajichotea, mafundi hawatabaki wanalamba kata. Akapanda gari, akaenda. Kwa miaka mingi mafundi walikuwa wanalilia umeme wa nguvu wa kuendesha mashine zao. Bwana Ngailo akafungua soda. Lutengano akanywa, akaahidiwa umeme. La stendi hakulitaja, kwa sababu alidhani Kyando amekwisha kulitaja.

Jumatano ikanyesha mvua ya kwetu ile, na akina mama hawakuwa tena na pa kukimbilia. Njegere zikaelea kwenye mabeseni. Wakamzunguka Mama Tumpe wamelowa, wana hasira, wanasema, “Wewe unatuambia tumsubiri mshenga, wenzetu wameshapata. Nenda, Mama Tumpe. Kaombe paa. Paa tu.” Alikataa asubuhi, alikataa mchana. Mwishowe akina mama wakasema kama haendi watamtuma mwingine, na uenyekiti autue.

Nilimwona akipita mbele ya nyumba yangu amejifunga khanga mpya. Mama Tumpe hakuwahi kupita pale bila kusimama na kuulizia miguu yangu. Siku ile alinisalimu huku anatembea. Nikadhani ana haraka ya gari.

Alhamisi nilivaa koti langu la posa nikaenda stendi. Mzee Kyando alituma salamu kwamba amepokea mzigo, hawezi kutoka. Fundi Lutengano alikuja na watu wawili, akawa anatazama matairi ya mabasi. Mama Tumpe alikuja peke yake. Nilimuuliza wako wapi akina mama, akasema, “Twende tu, shemeji.” Nimeongoza misafara mingi, na hata walevi wale wawili walikuwa na watu wengi kuliko hao.

Tulipofika nilipiga hodi, kama inavyotakiwa. Bwana Ngailo akatoka mwenyewe, akatukaribisha ndani, mtu wa tabasamu, wala hakuwa na ubaya usoni. Soda zikaletwa zimeshafunguliwa. Nilishukuru, nikaisogeza yangu pembeni.

“Mheshimiwa,” nilisema, “tumekuja na neno moja.”

“Mzee wangu, umechelewa,” alinijibu. “Hawa wote wamekwisha kuja.”

Niligeuka. Lutengano alikuwa anaitazama dari. Mama Tumpe alikuwa ameshika ncha ya khanga yake, machozi yanamtoka bila sauti, na hapo nikaelewa yote bila kuelezwa.

“Wenye maduka waliniomba vibaraza, nimewapa,” Bwana Ngailo alisema. “Fundi huyu aliniomba umeme, nitampa. Mama huyu aliniomba paa, atapata. Mimi nimekosea wapi?”

“Na stendi?” nilimuuliza.

“Hakuna hata mmoja aliyenitajia stendi.”

Kila mmoja alilidhania kuwa ni la wote, na la wote likakosa mwenyewe.

“Sasa tunakutajia,” nilisema. “Itundwe haitaki stendi ihame. Na mwakani tunapiga kura.”

Akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, “Mzee wangu, nilisikia mmekutana shuleni. Sitakuficha, niliingiwa na hofu. Nilikaa hapa naungoja ule msafara mkubwa, na nilikuwa nimekwisha kuamua nikiwaona mlangoni nitawakubalia. Akaja mtu mmoja. Kesho yake mtu mmoja. Kesho yake tena mtu mmoja. Kura zenu nimekwisha kuzipata, kila chama kimeniahidi zake. Nyinyi mngekuwa mimi mngefanya nini?”

Mshenga mzima, nusu ya ndoa za mji, sikuwa na jibu. Nilisimama nikaiacha soda yangu mezani. Kufuata sharti peke yangu siku ile hakukumsaidia mtu yeyote.

Ijumaa baraza likapitisha. Stendi ikahama.

Nataka mjue kwamba Bwana Ngailo hakusema uongo. Alitimiza kila kitu. Vibaraza vya maduka vilikuwa vyeupe, hakuna beseni hata moja, na wala hapakuwa na mteja wa kuvikanyaga. Umeme wa nguvu ukavutwa hadi kwa mafundi, na magari ya kuchomelewa yakawa yanachomelewa Makutano. Soko likaezekwa kwa mabati mapya, paa zuri kuliko la kanisa. Mvua ikinyesha lilitoa sauti kubwa, maana chini yake palikuwa patupu.

Mzee Kyando alifunga duka, akaenda kupanga chumba kidogo Makutano akiuza vocha na biskuti. Lutengano alirudi kwao. Kura tulizipiga, na Bwana Ngailo akapita, kwa sababu kila chama kilikuwa kimekunywa na kuahidi.

Mama Tumpe hakuondoka. Alikaa chini ya lile paa na beseni lake tangu asubuhi hadi jua kuzama, na mara nyingi alirudi na viazi vyote. Ikupa alirudishwa nyumbani kutoka shule. Alikaa siku chache, kisha akachukua beseni la mama yake bila kuambiwa na mtu, akapanda mlima kwenda Makutano kukimbizana na mabasi. Mama yake alimtazama akiondoka. Nilikuwa nimesimama naye, na sikuwahi kumwona mtu akitazama namna ile, hata msibani.

Siku moja alipita ofisa mgeni, akasimama chini ya paa, akaangalia juu, akasema, “Akina mama mmejengewa soko zuri. Nani aliwapigania?”

Mama Tumpe akamwambia, “Hodi ya mmoja mmoja, jawabu lake soda.”

Yule mgeni hakuelewa. Sisi tuliokuwa karibu tulielewa, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo kauli ya mji. Mama Tumpe alikuwa akiisema hata alipokuwa kitandani mwisho wa maisha yake. Nilimwambia mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyeleta shauri la mshenga, na kwamba alisukumwa. Alikuwa akijibu, “Nilikwenda, shemeji. Miguu ilikuwa yangu.” Inanisikitisha mpaka leo kwamba sikumsimamisha alipopita mbele ya nyumba yangu. Wala nisingejua cha kumwambia.

Hapo nikamaliza. Mashine ilikuwa bado imekufa. Sasa vijana walijua vizuri kwa nini Subira aliwatupia maneno yale. Halmashauri ya sasa inataka kuizungushia stendi ya Makutano ukuta, na bodaboda, mawakala wa simu na mama lishe wote wabaki nje. Ndicho kilichowafanya waitishe kikao cha kuwa chama kimoja, waende pamoja Jumatatu.

Nikamwona Ambwene, mwenyekiti wa bodaboda, kijana mcheshi kuliko wote, ameinamisha kichwa anachora chini kwa ufunguo wa pikipiki yake.

“Ambwene, una nini?” nilimuuliza.

“Babu, diwani alinipigia simu leo asubuhi.”

“Akasemaje?”

“Nipite kwake kidogo tuzungumze.”

“Ukaenda?”

“Nikaenda.”

“Na nani?”

“Ametuahidi kibanda cha kivuli,” alisema. “Cha bodaboda. Nje ya ukuta, lakini kizuri.”

Sikutaka kumuuliza zaidi. Mwenzake aliyekaa naye kwenye gunia moja ndiye aliyemuuliza, kwa sauti ya chini, kama alikaribishwa kitu.

“Soda ilikuwa baridi,” Ambwene alisema. “Nilikuwa na kiu.”

Hakuna aliyecheka safari hii. Yule mwenzake alimwekea mkono begani, na akayasema yeye yale maneno, polepole, kama mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza: hodi ya mmoja mmoja, jawabu lake soda.